Kwa Nini Kompyuta Hajui Rangi ya Kati

Zamani, enzi zile mikeka ilisukwa barazani na watu walikuwa na muda wa kusikilizana, Kompyuta alikuwa na maringo. Kila alichopewa kuhifadhi alitaka asukiwe kwa chane za ukindu zenye rangi kumi, kuanzia nyeupe, kijivu cha kila namna, hadi nyeusi tititi.

Aliyemsukia ni Mize, binti Mwanakheri. Mkeka alioupenda kuliko yote ulibeba wimbo wa mama yake, aliouzoea tangu yumo mgongoni. Masika yakaja, rangi zikachujuka. Ya saba ikafanana na ya sita, ya nne na ya tatu. Mize alipoutaka wimbo wake, ukatoka mlio wa mbuzi aliyekabwa.

"Ndiyo nini hii?"

"Ndivyo nilivyosoma, bibi. Rangi zimenichanganya."

Mize alilia sana, maana mama yake, Mwanakheri, alikuwa kitandani, pumzi za kuhesabika. Akazitupa rangi za kati zote, akabakiza nyeupe na nyeusi. Akazipanga chane nane nane, akakuta nane tu zina mipangilio mia mbili hamsini na sita! Kwenye mkeka wa barua, kila mpangilio akaupa herufi. Kwenye wa picha, rangi ya doa moja. Kwenye wa wimbo, kimo cha sauti kwa kila kufumba na kufumbua jicho. Mwanzoni mwa kila mkeka akatia alama ya kusema huu ni wa nini.

Kompyuta akanuna. "Mrefu mno huo! Utafika kisimani."

"Na ufike. Wewe kazi yako kusoma."

Mwanakheri akaimba kwa shida, Mize akasuka kutwa nzima. Wiki iliyofuata wakamzika.

Masika mengine yakapita. Nyeusi ikawa kahawia, nyeupe ikaingia ukungu, lakini bado hakuna wa kuzichanganya. Kompyuta akasoma. Sauti ikatoka nzima, na wimbo ulipoisha ikaendelea: "Haya basi, Mize mwanangu. Mgongo utakuuma, nenda kale." Kumbe Mize alikuwa ameyasuka hata hayo, wala hakujijua.

Na tangu siku hiyo Kompyuta anajua mawili tu, nyeusi ipo au haipo, iwe barua, picha au wimbo. Mama ni nini, hajui. Yeye anasoma tu, na sisi huku tunalia.