Kwa Nini Chipsi ya Ndizi Huvunjwa Sikioni

Nani amekata vipande hivi? Hii ni chipsi au kigingi cha kufungia mbuzi? Lete hicho kisu. Tulieni niwaambie kwa nini chipsi za ndizi hukatwa nyembamba, na kwa nini ya kwanza huvunjwa sikioni mwa mkubwa wa nyumba.

Zamani hapa kwetu mlimani, ndizi ilikuwa haina sauti. Ilichemshwa, ilichomwa, ilipondwa mtori, yote laini tu. Bibi harusi naye alikuwa kimya. Hakuruhusiwa kusema na mama mkwe wake mpaka mama mkwe ale chakula cha kwanza alichompikia. Kikikataliwa, anarudishwa kwao.

Basi Nakijwa, binti wa tambarare, akaolewa nyumbani kwa Mama Eshimuni. Jamani, binti yule alikuwa na mikono! Mahindi aliyajua, mtama aliujua, ila mgomba hakuwahi kuugusa. Alfajiri akaingia shambani, akaona mkungu mnene wa mkono wa tembo, zile ndizi kubwa, akaukata. Masikini, ulikuwa bado haujakomaa. Alichemsha asubuhi nzima, ndizi zikatoka ngumu na zenye ukakasi.

Mama Eshimuni alionja, akatema, akageukia ukuta. Kwa desturi, jua likizama bado ameugeukia ukuta, ndoa imekwisha. Wifi yake huyo mama akaanza kufunga mzigo wa Nakijwa. "Nilisema mimi," akaguna. "Huyo wa mahindi ataijulia wapi ndizi?"

Nakijwa alilia, sikatai. Alimpenda mumewe. Lakini katika kulia kwake akakumbuka kwamba mama mkwe alikuwa amebakiwa na meno mawili tu. Akamenya ndizi zilizosalia, akazikata nyembamba hata ungeuona moto kupitia kipande. Akatia chumvi, akachemsha mafuta ya ng'ombe wa harusi, akatosa kimoja kimoja. Mapovu yalipotulia akaopoa. Vilikuwa vya manjano, vikavu, vizuri ajabu.

Sasa atamwambiaje ageuke, na kusema haruhusiwi? Akapiga magoti nyuma yake, akavunja kipande sikioni mwake. Kwacha!

Mama Eshimuni alishtuka. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia ndizi ikitoa sauti. Akanyoosha mkono nyuma, akapokea nusu, akaiweka kati ya yale meno mawili. Kwacha. Akanyoosha mkono tena. Kabla jua halijazama alikuwa amegeuka mzima, bakuli limo mapajani mwake.

"Wifi, fungua huo mzigo," akasema. "Na wewe mwanangu, sasa sema. Umezifanyaje?"

Na tangu siku hiyo chipsi hukatwa nyembamba, zimfae hata mwenye meno mawili, na ya kwanza huvunjwa sikioni mwa mkubwa. Haya, hiyo imeiva. Sogea karibu uivunje, maana hata mimi nimebakiwa na mawili.