Njia ya Kwenda kwa Kipara

Karakana ya Fundi Makochi ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Sakafu haikuonekana kwa mabaki ya sponji na vipande vya vitambaa, na harufu ya gundi ilikuwa imezama ukutani kama moshi unavyozama jikoni. Kulikuwa na mzaha pale mjini kwamba kila mtu amekaa kwa raha juu ya kazi ya Fundi, isipokuwa Fundi. Naye alipousikia alicheka, misumari midogo ikiwa midomoni, kisha akaendelea kugonga.

Hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakumpiga mtu, na watoto wake watatu hawakulala njaa. Ila alikuwa na ndoto moja aliyoitunza kama mboni ya jicho. Utotoni mwake, baba yake hakuwahi kumpeleka popote. Alimaliza shule bila kuona zaidi ya mtaa wao na soko. Basi aliapa kwamba wanawe atawapeleka safari ya kweli, mbali, baharini, safari ya kulala hotelini na kurudi na picha za kutundika ukutani. Na kwa kuwa safari ya namna hiyo hutaka maandalizi, alikuwa akijiandaa. Mwaka ulikwenda, mwaka ulirudi, Fundi angali akijiandaa.

Mkewe, aliyeshona sare za wanafunzi kwa cherehani yake pale barazani, hakuingoja bahari. Siku za Jumapili alichemsha mayai, akakata mkate, akajaza chai kwenye chupa, akachukua shuka kuukuu la kukalia, wakatoka yeye na watoto. Hawakwenda mbali. Mara walipanda gari la maziwa aliloliendesha kaka yake, ambaye watoto walimwita Mjomba, mara walikwenda kwa miguu tu. Walikwenda bwawani kutazama ndege. Walikwenda kwenye stesheni ya treni iliyofungwa, wakatembea juu ya reli zilizomezwa na nyasi. Jioni walirudi na vumbi hadi kwenye kope, wakicheka mambo ambayo Fundi hakuyaelewa.

"Baba watoto, twende nawe leo," mkewe alimwambia kila mara. "Hivyo viti vina miguu, lakini havikimbii."

"Kwenda kukalia nyasi ndiyo matembezi?" Fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Nyasi zipo hata nyuma ya choo chetu. Nyinyi subirini. Nitawapeleka mahali pa maana."

"Watoto hawajui kusubiri. Wanajua kukua tu."

Siku moja alikubali. Mwanawe wa mwisho, binti aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alifurahi hata usingizi ukampaa. Alimtafutia baba yake kofia ya jua, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji na kuiweka juu ya kiti. Asubuhi, kikapu kikiwa tayari mlangoni, akatokea meneja wa hoteli akitaka viti vyake kabla ya jioni, maana alikuwa na wageni wakubwa. Fundi alimtazama meneja, akakitazama kikapu.

"Tangulieni," aliwaambia. "Nitawafuata."

Hakuwafuata. Jioni Kitinda alirudi, akaikuta kofia palepale alipoiweka, akaitundika kwenye msumari wake. Tangu siku hiyo hakuomba tena. Fundi aliuchukua ukimya ule kuwa ni adabu, na moyoni akamsifu mkewe kwa malezi mema.

Mvua zilipoanza, mkewe akashikwa na maumivu ya kichwa. Alimeza dawa, akakifunga kichwa kwa kitambaa, akaendelea kushona, kwani shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kabla wiki haijaisha aliinamia cherehani na hakuinuka. Alipelekwa hospitali akiwa bado anapumua kidogo, lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Daktari wa kichwa alikuwa safarini, na aliporudi hakukuwa na mtu wa kutibiwa. Watu walijaa nyumbani kwa Fundi, wakalia naye, wakapika, wakafagia, kisha wakarudi makwao. Aliachwa na nyumba, na ndani ya nyumba watoto watatu.

Hapo ndipo alipogundua jambo lililomtisha kuliko kaburi. Hakujua azungumze nao nini. Binti mkubwa, ambaye wadogo zake walimwita Dada, alipika na kupakua. Mwana wa katikati, Kijiti, jina alilopewa kwa wembamba wake, alikula akiangalia sahani. Mara nyingine mmoja wao alisema neno, wenzake wakatabasamu, na Fundi akauliza, "Kuna nini?"

"Hamna kitu, baba," Dada alijibu. "Ni mambo ya kule."

Kule. Neno hilo lilikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani. Fundi akajaribu kuupita kwa dirishani. "Likizo ijayo," alisema, "nitawapeleka baharini. Safari hii ni kweli."

"Ahsante, baba," walijibu wote. Hakuna aliyeuliza ni lini.

Jumapili moja Fundi alijifungia karakanani tangu alfajiri, kwa kuwa kazi ndiyo ilikuwa dawa yake ya kusahau. Njaa ilipomrudisha ndani, alikuta nyumba kimya. Sufuria zilikuwa zimeoshwa na kufunikwa. Aliita, akajibiwa na saa ya ukutani. Alitoka nje akamwona jirani yake akianua nguo kwa haraka, maana wingu jeusi lilikuwa limetanda.

"Wamepita hapa asubuhi na kikapu chao," jirani alimwambia. "Yule mdogo aliniambia wanakwenda kwa Kipara."

"Kipara gani?"

"Mimi nitajuaje, Fundi? Si wewe ndiye mzazi?"

Mtaani kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye kipara cha kusifika, mwalimu mstaafu aliyekaa karibu na bomba la maji. Fundi alimgongea mlango huku matone ya kwanza yakianguka. Mzee wa watu alitoka na miwani mkononi.

"Kipara ndiye huyu mimi," alisema kwa upole, akijipapasa kichwa, "lakini wanao hawajawahi kukanyaga hapa. Marehemu ndiye aliyekuwa akipita nao barabarani. Wewe sikukuona."

Fundi hakungoja zaidi. Alikimbilia kituo cha polisi, mvua sasa ikimchapa usoni. Askari aliyekuwa zamu alimpa kiti na kumuuliza taratibu.

"Walivaa nguo gani?"

"Sikuwaona wakiondoka."

"Wana marafiki? Nyumba gani wanapenda kwenda?"

"Sijui."

"Wakitoka kutembea, huwa wanakwenda wapi?"

Hilo nalo Fundi hakulijua. Aliweza kueleza kila kochi lililopita mikononi mwake, mbao zake na rangi ya kitambaa chake. Askari alimtazama kama anayemtazama mtu aliyekuja kudai mali isiyo yake.

"Yupo anayejua?" askari aliuliza.

Yupo. Fundi alilitambua jibu hilo na likamchoma. Alikimbia hadi bohari ya maziwa, akamkuta shemeji yake akipakia makreti matupu.

"Shemeji, watoto hawapo. Wamesema wanakwenda kwa Kipara. Nyumba yake iko wapi?"

Mjomba aliliacha kreti. "Nyumba? Shemeji, Kipara si mtu. Ni kile kilima cha jiwe nyuma ya kiwanda cha matofali. Marehemu dada yangu ndiye aliyekipa jina, kwa vile juu hakuoti hata jani." Alikuwa ameshaufungua mlango wa gari. "Panda. Lile jiwe likilowa ni kama sabuni."

Njiani kioo cha mbele cha gari kilifurika kuliko uwezo wa fagio zake za kufutia maji. Fundi alishangaa jinsi walivyofika upesi. Kutoka kilimani pale, kama si mvua, mtu angeona bati la karakana yake.

Waliwakuta chini ya mwamba uliojitokeza kama ukingo wa paa. Dada alikuwa amempakata Kijiti, uso wa mtoto umepauka kama jivu na mguu wake umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Shuka kuukuu lilikuwa limemfunika. Kitinda alisimama pembeni, meno yakimgongana kwa baridi.

"Kitinda! Mama yangu, njoo," Fundi aliita, akapiga goti kwenye tope na kufungua mikono yote miwili.

Mtoto alimwona. Hilo Fundi hakulitilia shaka hata siku moja baadaye, mtoto alimwona. Kisha akakimbia, akampita ubavuni kiasi cha upepo wa nguo yake kumgusa, akajitupa kifuani kwa Mjomba na kuanza kulia.

"Mjomba, nilimwambia Kijiti asishuke upande huu," Dada alisema, naye sauti ikikatika. "Mama aliahidi akipona tutakuja. Tulitaka kumtimizia tu."

"Mweleze baba yako," Mjomba alisema.

Dada aligeuka. Maji yalikuwa yakimchuruzika kutoka nywele hadi kidevuni. Alimtazama baba yake, akakosa pa kuanzia, akashika lile alilofundishwa kwa watu wazima wote.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mguu wa Kijiti ulifungwa plasta hospitalini, na daktari akaonya kwamba huenda ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Fundi aliketi kando ya kitanda, akaifunga karakana, akamletea mwanawe matunda na kumsimulia habari za bahari. Kijiti alisikiliza kwa heshima. Ila Mjomba alipotokea mlangoni na nguo zake za kazi, mtoto alijiinua kwa viwiko, wakaanza kukumbushana siku ambayo mbuzi wa watu aliula mkate wao pale stesheni, na mama akamfukuza na kiatu kimoja mkononi. Wadi nzima ilicheka. Fundi alicheka pia, akichelewa kidogo kuliko wengine, kama mtu anayecheka lugha ya kigeni.

Siku Kijiti aliporuhusiwa kutoka, Dada alimfuata baba yake kwenye ukumbi wa hospitali. Alikuwa amelifikiria neno lake kwa muda, maana alilisema bila kusita.

"Baba, tunaomba tukakae kwa Mjomba. Yeye na mkewe wamekubali."

Fundi aliegemea ukuta. "Nimewakosea nini, mwanangu?"

"Hujatukosea."

"Nimewanyima nini? Chakula? Ada?"

"Hujatunyima, baba." Alitazama chini, kisha akainua macho, na yalikuwa macho ya mama yake. "Ila hatujakuzoea."

Angeweza kukataa. Sheria ilikuwa yake na damu ilikuwa yake. Lakini aliwaona wadogo wawili wamekaa kwenye benchi, mikono ya Mjomba ikiwa mabegani mwao, akajua kwamba akiwachukua atachukua miili mitatu tu. Alipakia nguo zao mwenyewe kwenye gari la maziwa. Walimshukuru mmoja mmoja.

Tangu hapo Fundi hakuigusa kazi siku za Jumapili. Siku nyingine alikaa tu mlangoni, akitafuta ujasiri. Hatimaye aliupata. Aliamka mapema, akachemsha mayai, mengine yakapasuka kwa kuwa hakujua kiasi cha moto, akakata mkate, akajaza chai. Hakutaka tena bahari. Mahali popote wangepataja wao, hapo hapo pangetosha, hata kama ni nyasi za nyuma ya choo. Alibeba kikapu mtaa kwa mtaa, na waliomfahamu walimpisha njia kimya.

Mke wa shemeji yake alikuwa akifua uani. Aliposikia hodi alikausha mikono, akamkaribisha, na macho yake yakatua kwenye kikapu.

"Shemeji, ungetuambia," alisema kwa huruma. "Wametoka muda mrefu na mjomba wao. Kijiti sasa anatembelea fimbo, hataki kubaki nyuma."

"Wamekwenda wapi?"

"Wamepata mahali pengine papya. Wamepapachika jina, lakini kila nikiwauliza wanacheka tu, wanasema ni siri yao." Alimvutia kiti. "Kaa unywe maji. Jioni watarudi."

Fundi aliketi. Mchana ulipita, na kivuli cha ukuta kikavuka uwanja. Jua lilipoanza kushuka, gari la maziwa lilisikika barabarani, na ndani yake sauti za watoto wakiimba wimbo asioujua. Lango lilifunguliwa. Kitinda aliingia wa kwanza, vumbi hadi kwenye kope, akicheka. Alipomwona, alisimama, akaufuta uso kwa kiganja, akajiweka sawa.

"Shikamoo," alisema. Kisha akageuka na kuita ndani ya gari, "Mjomba, kuna mgeni."

Fundi aliitika salamu ile, akakiweka kikapu chini taratibu. Kweli wahenga hawakukosea waliponena: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.