Pikapu Isiyo na Kasoro

Tulieni, maana mimi sirudii. Tajiri Shemdoe alimuuzia Bi Nakijwa pikapu kuukuu, akaapa haina kasoro. Siku ya kwanza tu breki zilikataa, gari likaenda kusimama ndani ya banda la kuku la jirani.

"Umeiharibu mwenyewe, bibi," Shemdoe akamwambia alipotaka kuirudisha. Mwenyekiti wa kijiji naye akataka ushahidi kwamba tajiri aliijua kasoro hiyo kabla ya kuuza.

Ijumaa Bi Nakijwa akaileta pikapu mwendo wa kobe, akaiegemeza kwenye jiwe mlangoni kwa Shemdoe. Mama mkwe wa tajiri alikuwa keshapanda mbele, kajitanda kanga mpya.

"Nampeleka harusini, bondeni," Bi Nakijwa akasema.

"Mshushe," Shemdoe akanong'ona.

"Kwani gari lina nini?"

"Halina kitu. Upepo tu utamsumbua."

"Upepo naupenda, mkwe," mama akasema. "Twende."

Bi Nakijwa akawasha gari. Mke wa Shemdoe akamkazia mumewe macho.

"Breki mbovu," tajiri akapayuka. "Usukani unakwama, na kiwanda kilitangaza pikapu za aina hii zirudishwe zote. Barua ninayo kabatini."

Nyuma ya pikapu, turubai likafunuka, akatokeza mwenyekiti. "Ilete hiyo barua," akasema.

Mama mkwe alikuwa keshahamia kwenye gari jipya la Shemdoe lililoegeshwa pembeni. "Njoo uwashe, Nakijwa," akasema. "Mkwe wangu amebadilishana nawe."