Dawa ya Kuota Nywele

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kuwasengenya, Pimbi alijitangaza kuwa mtafiti. Kusema kweli, wanangu, hakujua kutafiti hata kiroboto. Alipenda ndizi tu, na aligundua kwamba ukitamka "utafiti," majirani hukuletea vitu bila kuuliza.

Siku moja, puu! puu! puu! Kiboko huyo mlangoni.

"Hodi, Daktari!"

"Karibu, Mzee Kiboko. Pita... la, usipite! Mlango mdogo. Sema hapo hapo."

"Simba ameniita kipara mbele ya wakwe zangu! Nataka dawa ya kuota nywele."

"Lo! Utafiti huo unataka ndizi, mzee. Mikungu mitatu."

Ndizi zikaja, zikaliwa. Wiki ya pili, mitatu mingine. Pimbi akanenepa, utafiti ukakonda. Wiki ya tatu Kiboko akaja mikono mitupu.

"Kesho nizione nywele. La sivyo, nitaikalia nyumba yako."

Pimbi akakimbilia jikoni, maana Kiboko akikalia kitu, hakiwi tena kitu. Mbio mbio akakoroga uji wa mtama pipa zima, akatia asali, akampelekea.

Kiboko akaugugumia, gugu gugu gugu! Akaanguka, tii! Akakoroma mchana kutwa. Alipoamka akajipapasa kichwa. Kipara kile kile!

"We Pimbi! Nywele ziko wapi?"

"Taratibu, mzee. Ulipolala, uliona nini?"

"Niliona nina nywele mpaka magotini. Simba ananisuka."

"Kumbe umeota nywele!"

"Ndiyo, nimeota nywe..." Kiboko akafikiri sana. "Ala! Kweli nimeota!"

"Uliagiza dawa ya kuota nywele, na umeota nywele. Sayansi hiyo!"

Pimbi akashusha pumzi. Nyumba imepona!

Kiboko akamkumbatia huku machozi yakimtoka. "Daktari, sijawahi kupendeza namna ile! Dawa hii nitainywa kila siku. Tena nisihangaike na njia, nahamia kwako."

Walipofika kwa Pimbi, mlango ukamkataa Kiboko, akajilaza juu ya paa. Kraa!

Mke wa Pimbi alitoka mbio na sufuria kichwani, vumbi tupu.

"Baba watoto! Sasa sisi tulale wapi?"

"Shhh! Usimwamshe, mke wangu. Akiamka atataka uji."

Hadithi yangu imelaliwa hapo, wanangu: kabla ya kuvumbua kitu, jiulize unakivumbua kwa nia gani.