Chemchemi ya Maziwa na Unga

Hapo zamani, enzi ambazo ukungu ulishuka bondeni kulala ukasahau kuamka, palikuwa na chemchemi moja na vijiji viwili. Watu wa Mlimani walikuja alfajiri, wakamimina maziwa, wakaomba. Watu wa Ng'ambo walikuja jioni, wakanyunyiza unga, wakaomba. Wa alfajiri waliukuta unga ukielea majini kama nyota zilizochelewa kwenda kwao. Hakuna aliyeuliza maji yale ni ya mungu wa nani.

Kisha mvua ikagoma. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Chemchemi ikapungua, ikawa kama jicho la mgonjwa.

Huko Mlimani aliishi Bibi Kalekwa, mtunza chemchemi. Asubuhi moja aliamka na ndoto. "Nimeiona chemchemi imejitanda nguo nyeupe, inalia. Ikaniambia, 'Nimechoka.' Haikusema zaidi."

Mtemi Masunga, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakianguka wawili, watatu, kila kukicha, akasimama mbele ya watu. "Mmesikia? Imechoshwa na unga wa watu wa Ng'ambo. Inatutaka sisi peke yetu."

Watu wakamgeukia Bibi Kalekwa. Bibi Kalekwa akatazama chini, akanyamaza.

Mhunzi wa kijiji, Shigela, hakuwahi kuiba, hakuwahi kusema uongo, hakuwahi kukosa maombi hata siku moja. Aliposikia kwamba chemchemi inateseka, alilia. Jioni akateremka na mkuki. Akamkuta Mzee Ngolo wa Ng'ambo amepiga magoti, unga kiganjani.

"Ondoka, mzee. Unaitesa."

"Ngoja nimalize kuomba, mwanangu."

Shigela hakungoja.

Vita vikapiganwa siku saba ndani ya ukungu, mtu akimchoma asiyemwona uso. Siku ya nane waliobaki wakaketi pamoja, kwa kuwa hapakuwa tena na nguvu ya kusimama. Desturi yao ilikuwa hii: aliyetangulia kufiwa humtaja mkosaji, mmoja tu, naye huhama nchi asirudi kamwe. Aliyetangulia kufiwa ni Mbuke, binti wa Mzee Ngolo.

Shigela akasema, "Mkono ni wangu, dada. Lakini sikuua kwa chuki wala kwa tamaa. Niliamini."

Mtemi Masunga akasema, "Mimi sikuamini chochote. Nilitaka maji, watoto wasife. Hata bila ndoto ningetafuta sababu nyingine. Watu hupigania maji tangu dunia iumbwe."

Mbuke akamuuliza, "Ungewaambia watu ni maji tu unayoyataka, Shigela angekuja na mkuki?"

"Angekuja na mtungi," Mtemi akajibu.

Bibi Kalekwa akasema, "Mimi niliota tu, mjukuu wangu. Ndoto haina mlango wa kufungwa. Lakini nilijua Mtemi anaipindisha. Nilinyamaza kwa sababu miaka mingi hakuna aliyenisikiliza, na siku ile walinisikiliza wote."

Ndipo mjane mmoja wa Ng'ambo akapaza sauti. "Waacheni hawa! Fukieni chemchemi kwa mawe. Bila maombi ya hapa waume zetu wangekuwa hai."

Mbuke akatikisa kichwa. "Miaka yote ile ya maziwa na unga tuliomba hapohapo, na hakuna aliyekufa. Baba alikufa akiomba. Nikiifukia, nitakuwa nimemuua mara ya pili."

"Basi mtaje mtu!" wakasema watu.

Mbuke akainuka. Akamtazama aliyeamini, akamtazama aliyepindisha, akamtazama aliyenyamaza. Akaitazama na chemchemi. Akafungua kinywa, machozi yakatangulia maneno, na mpaka leo watu wa kule wanabishana alitaja jina gani.

Nanyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi, sikuwapo. Lau mngekuwa Mbuke, je, nani alistahili kuhama: Shigela, Masunga au Kalekwa? Au mngeshika mawe?