Saa Tatu Zilizopotea Wodini

Nesi Silvana alikuwa ameshika sindano, lakini moyo wake ulisita. Mbele yake alilala Zenon, mtoto wa miaka miwili aliyeletwa asubuhi hiyo kutoka kijiji cha Muze akiwa na degedege. Dawa yake hairudiwi kabla ya saa sita kupita, kwani dozi mbili zikikaribiana huweza kumkata mtoto pumzi. Kompyuta ya kituo cha afya ilionyesha kwamba mwenzake, aliyekwisha kuitwa chumba cha kujifungulia, alimchoma Zenon saa kumi na moja alfajiri. Sasa saa ya ukutani ilionyesha saa tano. Muda ulikuwa umetimia.

Hata hivyo alimgeukia Winifrida, mama wa mtoto, akamwuliza walifika saa ngapi.

“Saa kumi na moja tulikuwa bado tunapanda mlima wa Lyamba lya Mfipa, dada,” Winifrida alijibu. “Hapa tulifika karibu saa mbili, mwenzako akamchoma papo hapo.”

Silvana aliweka sindano chini, akaenda kwa Cleophas, mtunza kompyuta, kijana hodari mwenye ulimi wa pilipili. Jana yake radi iliharibu mtambo, na alfajiri Cleophas alipakia upya kumbukumbu zote kutoka nakala ya akiba. Aliposikia hayo alimcheka nesi, akasema amechanganya saa za Kiswahili na za mashine.

“Ningechanganya, zingepishana sita, kaka,” Silvana alisema kwa upole. “Hizi zimepishana tatu. Kwa nini tatu?”

Kicheko kilimkauka. Tatu ndiyo tofauti ya saa zetu na za Griniwichi, ambazo nakala ile huzitumia inapopakiwa. Mistari ya mwisho ya amri zake hurudisha mipangilio ya awali, lakini Cleophas, alipoona kumbukumbu zimeingia na foleni ya wagonjwa imefika getini, alikatiza upakiaji kabla ya mistari hiyo. Tangu hapo kila tukio la wodini liliandikwa saa tatu nyuma. Zenon alikuwa amechomwa saa mbili.

Cleophas alirudisha mipangilio, akasahihisha kumbukumbu za asubuhi yote, kisha akamfuata Silvana wodini.

“Asante, dada,” alisema, macho chini. “Ungenyamaza kwa kuogopa mdomo wangu, tungemwua mtoto wa watu.”

Jioni Zenon alifumbua macho, akaomba uji wa ulezi. Winifrida alimshukuru Mungu huku machozi yakimtiririka, akamkumbatia nesi asitake kumwachia. Silvana naye alishukuru kimoyomoyo, maana sindano ilikuwa tayari mkononi mwake. Ama kweli, kuuliza si ujinga.