Madoadoa ya Kanga

Kwa jina la Mola aliyewagawia viumbe sauti na subira. Ngano hii niliipokea kwa nyanya yangu Mwanasiti, naye kwa mamaye, watu wa mabonde ya bara.

Ngano yabisha hodi!

— Karibu, iketi nasi!

Hapo zamani za kale, kiangazi kilikausha mito yote, likabaki ziwa moja. Tembo akasema, "Langu." Nyati akasema, "Langu." Wakaamua kupigana.

Na desturi ya mwituni ilikuwa hii: ndege Kanga ndiye mtangazaji. Akishamtaja mshindi, neno halirudi. Aliyeshindwa huhama na ukoo wake papo hapo, na ndama wachanga wasioweza mwendo huachwa nyuma. Fisi aliijua desturi hiyo, akameza mate.

Wakavaana. Vumbi likapanda hata jua lisionekane.

Puu! Kishindo.

"Nyati chini!" akalia Fisi. "Tangaza, Bi Kanga!"

"Kishindo nimekisikia, bwana. Aliyeanguka simwoni. Vumbi halijatua."

Kra! Kitu kikavunjika.

"Pembe ya Nyati hiyo! Tangaza, au umekuwa kipofu?"

Wanyama wakacheka. "Mtangazaji bubu! Kazi apewe Kasuku!" Mama za ndama wakaanza kuwakusanya wana wao, wakilia.

Kanga akainua shingo. "Kazi nipokonyeni. Nisichokiona sikitangazi. Vumbi halijatua."

Mara ya tatu sauti ya Fisi ikatoka nzito, kana kwamba kinywa kimejaa. "Hangaza, Hi Hanga!"

"Mbona wasema hivyo, bwana? Haya, vumbi litatua, tutaona."

Vumbi likatua. Tembo amesimama. Nyati amesimama. Kilichoanguka na kuvunjika ni mti mkavu wa mgunga. Na Fisi? Meno yake yameng'ang'ania mkia wa ndama!

Nyati akampiga teke la kiuno. Mpaka leo kiuno cha Fisi kimeinama. Tembo akaona haya. "Kunywa, ndugu yangu. Leo tungaliua watoto." Wakanywa pamoja.

Tangu hapo, ghasia ikizuka, watu huambiana: ngoja vumbi litue. Maana yake, usihukumu jambo kabla halijatulia na ukweli wake kuonekana.

Naye Kanga vumbi jeupe lilimjaa manyoyani, madoadoa. Wakamwambia, "Jikung'ute, mama."

"Hili silikung'uti," akajibu. "Hili nimelisubiri."

Akatembea nalo, shingo juu. Wanawe wamelivaa hata leo.

Ngano imeinuka, yarudi kwao. Nanyi mliosikiliza, Mola awajaalie macho yenye subira na ndimi zenye haki. Amina.